Ganda la Uwele

Mvua ilikuwa imetangazwa: Jumatatu, saa nane mchana. Leo ilikuwa Jumanne ya wiki iliyotangulia, kwa hiyo Sechelela Ndahani hakuwa na haraka. Alipanda njia ya mchanga taratibu, kitenge kipya kikiwa kimekunjwa kwapani, ufunguo wa Mizani ukining'inia shingoni kama kawaida. Kila aliyekutana naye alitazama kwanza kitenge, kisha akacheka, kwa sababu bonde zima la Igunguli lilijua kinakwenda kwa nani.

"Mpelekee salamu bingwa wetu!" alipaza sauti mwanamume mmoja aliyekuwa akichimba mitaro. "Mwambie mwaka huu tunakula kwake."

Alimaanisha alichosema. Tangu ukame wa miaka mitano ulipokwisha, kila bonde la magharibi mwa Dodoma lilipanda mbegu moja tu ya kunde kwa msimu, ile iliyoshinda kwenye Mizani. Mlango wa bwawa la chini ya ardhi ulifunguka wenyewe kwa kufuata namba ya mbegu hiyo. Mbegu yenye kiu ilipewa maji ya wiki nyingi, na mbegu yenye kubana maji ilipewa ya wiki chache. Mwaka huu mshindi alikuwa mbegu ya Bibi Mhembano, na namba yake ilikuwa ishirini na nne nukta sita. Sechelela alikuwa hajawahi kuona namba ndogo kiasi hicho katika miaka kumi ya kazi yake, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo mbegu inavyojua kuishi na maji kidogo.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mpimaji. Pitia huku uani, mikono yangu michafu."

Bibi Mhembano alikuwa ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani, sufuria ya uji uliopoa kando yake. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye midomo ambayo haikukaa kimya hata alipokuwa peke yake. Alichota uji kwa kiganja, akaumwagia juu ya kunde zilizokuwa kwenye ungo, akanyunyiza majivu, kisha akaanza kuuzungusha ungo. Kunde zikakimbizana, zikapata utelezi, zikageuka rangi.

"Unapika nini, mama?"

"Sipiki. Nazivika nguo." Hakuinua macho. "Huu ni uji wa uwele, mwepesi, na majivu ya mabua yake. Unazungusha, unaanika. Unazungusha tena, unaanika. Mara tatu. Fukusi akija kuuma hapa anavunja meno, anarudi kwao kusimulia."

Sechelela alicheka, akaketi juu ya kinu kilicholazwa. Alikuwa mtu asiyependa kuuliza swali la pili kabla ya jibu la kwanza kutulia kichwani. Alitazama ungo ukizunguka. Alitazama kunde zilizokwisha kuanikwa kwenye mkeka, za kijivu, laini, zinazofanana kabisa na zile alizozoea kuziona.

"Hizi ni za kula?"

"Za kula nizivike za nini? Ni za mbegu. Mbegu zangu zote navika. Marehemu mama alivika, na mama yake."

"Hata zile ulizotia kwenye kichupa, ukaniletea kwenye Mizani?"

"Ee! Zile nilizivika vizuri zaidi." Bibi Mhembano alisimamisha ungo, akamtazama kana kwamba ameulizwa kama huwa anaoga kabla ya kwenda harusini. "Si zilikuwa zinakwenda serikalini?"

Sechelela aliinama, akaokota punje moja kutoka kwenye mkeka. Aliikwaruza kwa ukucha. Ganda la kijivu likabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani, na chini yake akaona ngozi nyekundu inayong'aa.

Kwenye daftari la Mizani, mbegu iliyoshinda ilikuwa imeandikwa hivi kwa mkono wake mwenyewe: kunde, ndogo, kijivu.

"Mbona unaikodolea macho?" aliuliza Bibi Mhembano. "Kitenge hicho ni changu au unakipitisha tu?"

"Ni chako, mama." Sechelela alimpa kwa mikono miwili. "Naomba punje kidogo nikazitazame. Za huku zilizovikwa, na za huko ambazo bado."

"Chukua. Si ndizo mnazokwenda kupanda bonde zima?"

*

Mizani haikupima uzito wa kitu ambacho mtu angeweza kukishika. Lilikuwa sanduku refu la chuma, urefu wa kitanda, lililokaa katika chumba baridi cha Nyumba ya Mbegu. Ulitia kichupa upande huu, sanduku likakivunja, likasaga kilichomo, likakichoma mpaka kikawa hewa, kisha likapitisha mwali wa mwanga ndani ya hewa ile. Baada ya dakika ishirini namba ilitokea kwenye kioo.

Sechelela hakwenda chuo. Alikuwa fundi redio. Mizani ilipoletwa, ikaharibika mwezi wa kwanza na mtaalamu akawa mbali, yeye ndiye aliyeitwa kuitazama. Aliifungua kwa siku nne, akaifunga kwa siku mbili, ikafanya kazi. Wakamwachia kitabu chake cha maelezo. Alikisoma kurasa mbili kila asubuhi kwa mwaka mzima, na kile ambacho hakukielewa alikiandika pembeni kwa penseli mpaka alipokielewa.

Wakulima walipomuuliza, aliwaeleza hivi. Jani lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwa vitundu hivyo linavuta hewa ya kujengea mwili, na kwa vitundu hivyohivyo linapoteza maji. Ndani ya hewa kuna kaboni ya aina mbili, nyepesi na nzito kidogo. Jani linapenda ile nyepesi. Vitundu vikiwa wazi siku nzima, hewa inaingia tele, jani linachagua nyepesi na kuiachia nzito itoke, kama mtu anayechagua nyama sahanini. Lakini mmea unaobana maji hufunga vitundu vyake. Hewa iliyomo ndani ndiyo hiyohiyo, haiji nyingine, na jani linalazimika kula na ile nzito. Kwa hiyo mmea ulioteseka na jua bila kupoteza maji unabeba alama ya kubana kwake ndani ya punje, na alama hiyo haifutiki.

"Na mahindi?" waliuliza. "Na mtama, na uwele?"

"Hao ni ukoo mwingine. Wana njia yao ya kukamata hewa, na wote wanabeba kaboni nzito, wabane wasibane. Ndiyo maana hatuwalinganishi na kunde."

Alikuwa ameyasema maneno hayo pengine mara mia mbili. Siku ile ya Jumatano asubuhi, akiwa amesimama mbele ya vichupa vitatu, aliyasikia kwa mara ya kwanza.

Katika kichupa cha kwanza alitia kunde za Bibi Mhembano zikiwa na ganda lake. Katika cha pili alitia kunde zilezile baada ya kuziosha kwa maji ya moto, kuzisugua na kuzikausha. Katika cha tatu alitia unga wa ganda peke yake.

Cha kwanza kilisoma ishirini na nne nukta sita. Cha pili kikasoma ishirini na sita nukta saba. Ganda peke yake lilisoma kumi na mbili nukta sita.

Alirudia vyote vitatu, kisha akavirudia tena. Namba hazikusogea hata kidogo. Alichukua karatasi akapiga hesabu: kama sehemu moja kati ya saba ya kilichochomwa ni uwele, kunde ya kawaida kabisa itasomeka kama kunde ya ajabu. Alipima uzito wa ganda dhidi ya punje nzima. Sehemu moja kati ya saba, karibu na kamili.

Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga. Hakuna mtu aliyedanganya. Sheria yenyewe ndiyo iliyozuia macho. Zamani mpimaji wa bonde jingine alibadilisha mbegu kumfaidisha shemeji yake, na tangu hapo ikaamriwa kwamba kila mkulima avune mstari wake katika shamba la pamoja, akaushe nyumbani kwake, afunge kichupa mwenyewe, na mkono wa mpimaji usiguse punje. Mpimaji hakuruhusiwa hata kukanyaga shamba. Kila mmoja alipewa mchanga uleule na mvua ileile ili haki itendeke, kisha kila mmoja akaenda kwake kufanya alivyofundishwa na mama yake.

Halafu kulikuwa na mambo matatu ambayo hayakungoja. Ijumaa kulikuwa na mkutano wa kuitangaza mbegu rasmi. Jumamosi magunia ya mbegu nyingine zote thelathini na moja yangesagwa kuwa unga wa ghala la bonde, kama sheria ilivyotaka, ili mbegu zisichanganyike. Na Jumatatu ilikuwa mvua. Kwa namba ishirini na nne nukta sita, bwawa lingetoa maji ya wiki sita. Mbegu ile, kwa namba yake ya kweli, ilihitaji wiki tisa. Maji yangekatika kunde zikiwa zinatoa maua. Kaya elfu nne zingeyatazama maua hayo yakipukutika.

*

Mkuu wa Nyumba ya Mbegu aliitwa Luhanga. Alikuwa Mhehe, mtu wa Iringa, na kwa kuwa Wahehe na Wagogo ni watani, alikuwa amezoea kutukanwa kwa upendo kila siku ya kazi. Alhamisi asubuhi alimsikiliza Sechelela bila kumkatiza, akizitazama karatasi zake moja baada ya nyingine. Alipomaliza alizipanga vizuri, akaweka kikombe cha chai juu yake.

"Uji," alisema.

"Uji, bwana mkuu."

"Nimeishi miaka hamsini na nne, nimenusurika njaa, nimenusurika Wagogo, sasa naangushwa na uji." Alijaribu kucheka, cheko halikufika mbali. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

Luhanga alisimama, akaenda dirishani. Ng'ambo ya uwanja mafundi walikuwa wakiipaka grisi mashine ya kusaga. Magunia thelathini na moja yalikuwa yamepangwa kando yake, kila moja na jina la mwenyewe.

"Sikiliza, Sechelela. Mlango wa bwawa una namba ya siri, nami ninayo. Naweza kuandika wiki tisa badala ya sita. Mbegu itapandwa, itapata maji yake, watu watavuna. Mavuno ya kawaida, lakini watavuna. Hakuna atakayelala njaa. Mwakani utabadilisha utaratibu, uoshe mbegu zote kimyakimya, na mambo yameisha."

"Wiki tatu za nyongeza zinatoka wapi?"

"Unajua zinakotoka."

"Kwa wenzetu wa bonde la Mkondai, tunaochangia nao bwawa."

"Tutawaambia mvua ilikuwa haba. Si mara ya kwanza."

Sechelela alitazama kikombe kilichokaa juu ya karatasi zake. Hakumwona Luhanga kuwa mtu mbaya. Alijua kwamba mwaka wa nne wa ukame, Luhanga alikwenda nyumba kwa nyumba akiwaomba watu wasile mbegu, na kwamba watu walikubali, wakamwonyesha magunia, kisha wakazila alipogeuka. Hakuna aliyemwamini mtu tena wakati ule. Mizani ndiyo iliyowarudisha. Watu waliiamini kwa sababu haikuwa na shemeji.

"Wakisikia kwamba mashine ilidanganywa na uji," aliendelea Luhanga kwa sauti ya chini, "kesho watasema hata mvua ya Jumatatu ni uongo. Kila mtu atapanda anachokijua yeye, maji yatakwisha mwezi wa kwanza. Nimeiona hiyo. Sitaki kuiona tena. Na wewe utavuliwa huo ufunguo, sheria iko wazi: mpimaji aliyetangaza namba isiyo ya kweli anauweka mezani. Miaka kumi, Sechelela."

"Naomba nifikiri mpaka saa kumi."

"Fikiri. Lakini fikiri kama mtu aliyeona njaa."

"Niliiona, bwana mkuu. Nilikuwa humuhumu."

Alitoka nje, akatembea hadi kwenye magunia. Alisoma majina yaliyoandikwa kwa makaa, moja moja, kama alivyosoma kitabu cha maelezo. Alijiuliza anajua nini. Alijua kwamba mbegu ya Bibi Mhembano ni ya kawaida. Hakujua kama ndani ya moja ya magunia haya hakuna mbegu bora kweli, iliyoshindwa na ganda la uwele. Zaidi ya hapo, hakujua namba ya gunia hata moja, kwa sababu kama mmoja alivika kwa uji, wa pili alipaka nini? Wa tatu? Njia ya Luhanga ingewashibisha watu mwaka huu. Lakini Jumamosi mashine ingesaga asichokijua, na unga haurudi kuwa mbegu. Na Mkondai kulikuwa na mpimaji kama yeye, ambaye angekaa mbele ya kioo chake akijilaumu kwa kosa ambalo si lake.

Saa kumi alirudi. "Nitasema kesho mkutanoni," alisema. "Nitasema kuhusu kazi yangu tu. Namba ya siri ya mlango sijawahi kuisikia."

Luhanga alimtazama, akatikisa kichwa, si kwa kukataa wala kwa kukubali.

"Basi kamwambie mwenye mbegu kwanza," alisema. "Asiyasikie mbele ya watu."

"Ndiko ninakokwenda."

*

Bibi Mhembano alikuwa amekivaa kitenge. Alikuwa amekivaa kumenyea maboga, jambo lililomwambia Sechelela kwamba hakuwa na nia ya kukivua karibuni.

Alimweleza yote, tangu vitundu vya majani mpaka namba ya ganda. Bibi Mhembano alisikiliza, kisu mkononi.

"Kwa hiyo mimi mwizi."

"Hapana, mama."

"Nimeiba ubingwa kwa uji."

"Hukuiba. Uliihifadhi mbegu kama mtu anayejua kuhifadhi mbegu. Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza, sikuuliza."

"Na ile kijivu? Nani aliandika kijivu?"

"Mimi."

"Kunde zangu ni nyekundu! Tangu enzi za bibi yangu ni nyekundu! Waulize majirani!" Alikita kisu kwenye boga. "Nilipoona kwenye tangazo 'kijivu' nikasema labda ni lugha ya serikali. Nikanyamaza. Nani anabishana na mashine?"

Sechelela aliinamisha kichwa.

"Watanicheka," alisema Bibi Mhembano, safari hii polepole. "Nimewaringia tangu wiki iliyopita. Yule mke wa Chedego nimempita kisimani bila salamu, makusudi, ajue amepitwa na bingwa. Sasa?"

"Watanicheka mimi kwanza, mama. Mimi nitasimama mbele."

"Hutaweza kuchekwa vizuri wewe. Uso wako umekaa kama wa msibani." Alichomoa kisu, akaendelea kumenya. Baada ya maganda matatu alisema, "Hiyo kuosha. Umeosha kwa maji gani?"

"Ya moto."

"Ya moto! Utaipika. Uji wa uwele unatoka kwa maji ya uvuguvugu na magadi kidogo. Ninyi wasomi bwana."

"Sijasoma, mama."

"Inaonekana."

*

Ukumbi wa bonde ulijaa kabla ya saa nne. Mizani ilikuwa imesukumwa kwa magurudumu yake mpaka mbele, nyaya zikipita dirishani. Diwani Msanjila, mwanamume mnene aliyependa mikutano mifupi, alifungua kwa maneno machache, akamkaribisha mpimaji aitangaze mbegu.

Sechelela alisimama. Sauti yake haikuwa kubwa, na watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie.

"Namba niliyowapa wiki iliyopita si ya kweli," alisema. "Kosa ni langu. Naomba niwaonyeshe lilivyokuwa, kisha mtaamua."

Ukumbi ulivuma. Diwani alimgeukia Luhanga, na Luhanga akatazama mikono yake.

"Nahitaji punje zenye ganda na maji ya kuziosha," alisema Sechelela, akaanza kuinama kuchukua ndoo yake.

"Acha hiyo!"

Bibi Mhembano alikuwa akija kati ya viti, kitenge kipya kikiwaka, karai kichwani, maji yakiruka ukingoni na kuwadondokea waliokaa. Alilitua karai mezani mbele ya Diwani, akatoa kifundo cha nguo kiunoni, akamwaga kunde za kijivu majini.

"Mpimaji ataziunguza," aliwaambia watu. "Tazameni wenyewe."

Alisugua kwa viganja viwili. Maji yakawa ya maziwa, kisha ya matope. Alipoinua mikono, kunde zilikuwa nyekundu kama zimevunwa asubuhi ile.

"Lakini za Mhembano si siku zote ni nyekundu?" alisema mwanamke mmoja safu ya pili. Alikuwa mke wa Chedego. "Tangu lini zikawa za kijivu?"

"Sisi tulijua," alisema mzee wa nyuma yake. "Tulidhani mashine ndiyo inayoziona hivyo."

Kicheko kikapasuka, kikazunguka ukumbi mzima, na Bibi Mhembano akasimama katikati yake mikono kiunoni akikipokea kama mvua. Sechelela naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Kisha akatia kichupa cha kwanza, na wote wakangoja dakika ishirini. Namba ilipotokea, akatia cha pili. Hakuna aliyetoka. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, na nje mafundi wa mashine ya kusaga nao walikuwa wamekuja kuchungulia, mikono ikiwa na grisi.

Ishirini na nne nukta sita. Ishirini na sita nukta saba.

Sechelela aliwaeleza namba hizo zina maana gani kwa maji: wiki sita, wiki tisa, maua. Safari hii hakuna aliyecheka. "Mbegu zenu nyingine sizijui tena," alimalizia. "Huenda bora ipo humo kwenye magunia. Naomba zisisagwe kesho. Na naomba wenzetu wa Mkondai wapelekewe habari leo, ili maji yao yasiguswe na mtu kabla hatujajua tunapanda nini."

Aliposema hayo hakumtazama Luhanga.

"Na sheria?" aliuliza Diwani, akipekua makaratasi. "Kuna kifungu hapa. Mpimaji aliyetangaza namba isiyo ya kweli—"

"Nakijua." Sechelela alipitisha kamba kichwani, akauweka ufunguo mezani kando ya karai. Shingo yake ilihisi wepesi wa ajabu. "Ni haki."

"Haya. Basi tutaomba mkoani mpimaji mwingine. Wiki mbili, tatu."

"Na mvua tuiambie ingoje?" aliuliza Bibi Mhembano.

"Mama, sheria—"

"Namuuliza Diwani wangu swali dogo. Huyo mtakayemleta, anajua habari za uji? Atajua kuuliza? Au naye atakuja kuniandika kijivu?"

Watu wakaguna. Mtu akasema "Kweli." Mwingine akasema "Huyu angalau ameshakosea," na hata Diwani akashindwa kuzuia tabasamu. Lakini ufunguo ulibaki pale mezani, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuugusa isipokuwa mkuu wa Nyumba ya Mbegu.

Luhanga alisimama. Alikwenda dirishani kama kawaida yake, akatazama magunia.

"Mtani," alimwita Bibi Mhembano, "maji ya karai hilo yanatosha mbegu ngapi?"

"Wewe lete mbegu. Maji niachie mimi. Ila mbwa wangu nimemfungia ndani asije akaliwa, kwa kuwa nilijua Mhehe atakuwepo."

Kicheko kikarudi. Luhanga alingoja kiishe, akawageukia watu.

"Sheria inasema auweke mezani," alisema. "Ameuweka. Haisemi ukae hapo mpaka lini." Aliwaita mafundi mlangoni. "Magunia yarudi ghalani. Yote. Na mmoja wenu awashe pikipiki aende Mkondai na barua yangu." Alifika mezani, akausukuma ufunguo kwa kidole kimoja mpaka ukagusa mkono wa Sechelela. Alisema polepole, kwa ajili yake peke yake, "Mizani inapoa. Na mbegu thelathini na moja hazijaoga."

Sechelela alipiga hesabu. Kila mbegu mara tatu, kila mara dakika ishirini. Ukitoa saa za kulala, Jumapili jioni. Ilitosha. Na kama hakuna itakayoshinda kwa mbali, atawaambia hivyohivyo.

Alivaa ufunguo. Alifungua daftari kwenye ukurasa mpya, akachora mistari yake kwa rula: jina, mbegu, rangi, namba. Kisha akaongeza safu moja ambayo haikuwahi kuwepo, akaiacha bila kichwa kwa sababu hakujua bado aiite nini.

Wakulima walikuwa wameshaanza kupanga foleni, kila mmoja na kifundo cha kunde alizochota kwenye gunia lake. Wa kwanza alikuwa yule mzee wa nyuma.

"Karibu, baba," alisema Sechelela. "Kabla hatujaziosha, naomba uniambie. Hizi ulizihifadhi kwa kitu gani?"

Mzee alitazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu aliyeulizwa siri ya chumbani kwake.

"Mafuta ya nyonyo," alisema. "Kidogo tu."

Sechelela aliandika. Nyuma yake Bibi Mhembano alimwaga maji machafu dirishani, akajaza mengine.